Ngano ya Unaysa

Inasimuliwa, na Mwenyezi Mungu ndiye mjuzi zaidi, kwamba hapo zamani katika mji wa Wasit, ulio baina ya Kufa na Basra, aliishi mcha Mungu mmoja aliyeitwa Thumama bin Wahb. Kazi yake ilikuwa kushona matandiko ya farasi na ngamia. Watu walimjua kwa mambo mawili: mshono wake haukuachia, na safu ya kwanza msikitini haikumkosa. Hakuwa mtu wa maneno mengi, hakupata kumpunja mteja, na alipofunga saumu za sunna hakuna aliyejua isipokuwa yule aliyemkaribisha chakula.

Alikuwa na mke, Lubaba binti Harith, mwanamke mtulivu aliyekuwa akisokota nyuzi za sufu na kuziuza. Waliishi pamoja miaka saba, wakaruzukiwa mtoto mmoja wa kike, wakamwita Unaysa. Kisha yakaingia baina yao mambo ya nyumbani ambayo wasimulizi hawakuyataja, nasi hatuna haja ya kuyachimbua. Wakaachana bila ya matusi. Unaysa alikuwa na umri wa miaka mitano, akabaki kwa mama yake, kwa kuwa mama ndiye mwenye haki ya kulea mtoto wa umri ule.

Mbele ya kadhi wakapatana namna ya kumtunza. Thumama atoe kila mwezi pishi kumi za ngano na chupa ya mafuta ya ufuta, na nguo kila msimu unapogeuka. Lubaba naye akasema, "Kodi ya nyumba na ujira wa mwalimu wake nitatoa mimi kwa kazi ya mikono yangu. Mtoto ni wetu sote wawili." Kadhi akafurahi, akawaombea dua. Lakini walipokuwa wakitoka barazani, Thumama, kwa uchungu aliokuwa nao moyoni siku ile, alitamka maneno ambayo yeye mwenyewe aliyasahau kabla hajafika kwake. Alisema, "Mlee vyema, mama Unaysa. Siku nitakayoona umeshindwa, nitamchukua."

Mwaka wa kwanza ukapita kwa salama. Kila mwezi mwandamo Thumama alijitwika gunia begani, akalipeleka mwenyewe. Magunia yale aliyashona kwa mkono wake, kwa uzi mwekundu wa kazini, na mshono wake ulikuwa mmoja tu katika mji mzima.

Mwaka wa pili, siku moja alikwenda sokoni kutafuta ngozi. Alipopita mbele ya duka la muuza nafaka, jicho lake likaanguka juu ya gunia lililoegemezwa mlangoni. Akasimama. Uzi ulikuwa mwekundu, na mshono ulikuwa wake.

Akamsalimia mwenye duka, kisha akauliza kama mtu asiye na haja kubwa, "Ngano hii umeipata wapi?"

"Kwa mama mmoja," akajibu yule bwana. "Huniletea nusu gunia kila mwezi. Ngano safi, haina hata mchanga."

"Mama gani?"

"Jina sikumuuliza. Ni mtu wa heshima zake, amejistiri, akishapokea haki yake huondoka. Mara nyingine huja na kitoto cha kike kimemng'ang'ania nguo."

Thumama aliondoka pale bila ya kununua ngozi. Njia nzima alikuwa akijisemea: ngano ya mwanangu inauzwa. Naipepeta kwa mikono yangu, naibeba kwa bega langu, na mtu anaigeuza fedha! Alikusudia kwenda moja kwa moja kubisha mlango wa Lubaba na kumuuliza. Alifika hata pembe ya ule mtaa. Kisha akageuka. Alijiambia kwamba akimuuliza atamshtua, naye atatunga jambo. Bora amchunguze kwanza. Na tangu siku ile, ndugu zangu, hakuna alichokiona Thumama ambacho hakikuwa ushahidi.

Alipokwenda kumwona mtoto, alimkuta amekaa kizingitini. Zamani Unaysa alikuwa akimkimbilia tangu yuko mbali. Siku hiyo alimtazama anakuja, akamtazama tu, wala hakuinuka. Mpaka Thumama aliposema, "Assalaamu alaykum, mwanangu," ndipo uso wa mtoto ulipochangamka, akanyanyuka. Thumama akalichukua hilo akaliweka moyoni. Amefundishwa kunichukia, alijiambia. Anangoja kwanza aone kama mama yake yu karibu.

Mara nyingine alimletea ngamia mdogo aliyemshona kwa mabaki ya ngozi, mwenye tandiko na hatamu na vishada vya rangi. Unaysa akampokea, akampapasa kwa vidole kuanzia pua hadi mkia, uso ameuelekeza pembeni. "Ahsante, baba," akasema. Hakumtazama yule ngamia hata mara moja, wala hakusema neno juu ya vile vishada. Thumama akarudi nyumbani. Alisema moyoni, hata zawadi yangu imekuwa haina thamani machoni pake.

Akaanza kumfuata Lubaba. Naye hakuona kwamba anafanya ubaya. Alijihesabu ni mchunga anayelinda amana aliyopewa na Mola wake. Siku moja ya Jumatatu, naye akiwa amefunga, alisimama nyuma ya mkokoteni wa majani akawaona mama na mwana wakitoka. Lubaba alikuwa amemshika mtoto mkono kwa nguvu, akimwongoza kama anayemvuta. Wakakata vichochoro viwili, wakafika kwenye nyumba moja isiyo na duka wala alama. Lubaba akabisha. Mlango ukafunguliwa na mwanamume. Wakaingia, mlango ukafungwa.

Thumama alingoja hata adhana ya adhuhuri ikaadhiniwa, naye yuko palepale. Walipotoka, mtoto alikuwa amefunikwa uso kwa kitambaa, na Lubaba alikuwa akijifuta machozi.

Akamuuliza mama mmoja wa jirani aliyekuwa akifagia, "Nyumba ile ni ya nani?"

"Ya mgeni kutoka Ahwaz. Hana hata mwaka hapa."

"Ana mke?"

"Sijamwona mke," akasema yule mama, akamkazia macho. "Na wewe ni nani, unayeuliza habari za wake za watu?"

Thumama akaona haya, akaenda zake. Lakini sasa mambo yote yalikuwa yamekamatana kichwani mwake. Lubaba ana mwanamume. Anamtafutia mahari au anamlisha, na anayemlisha ni mimi. Mtoto anafunikwa uso asijue njia, asije akaniambia. Hakulala vyema juma zima. Alisimama msikitini katika safu yake ile ya kwanza, imamu akisoma, naye akihesabu Jumatatu.

Jumatatu iliyofuata alikwenda tena, na iliyofuata, na mara zote aliona yaleyale. Wakati wote huo mlango wa Lubaba ulikuwa wazi kwake, na neno moja tu la kuuliza lingetosha. Hakulisema.

Mwezi ulipoandama, Thumama alipima pishi tano za ngano badala ya kumi. Akachukua pishi tano za shayiri aliyokuwa akiwalishia wanyama wa wateja, akaimimina chini ya gunia, na ile ngano akaiweka juu. Gunia likajaa kama kawaida, akalishona kwa uzi wake mwekundu. Alijiambia, kama anauza, na auze shayiri. Ikiwa mwanangu atapungukiwa, mama yake atakuja kupiga kelele, na hapo ndipo nitakapojua.

Lubaba hakuja. Mwezi wa pili Thumama akafanya vilevile. Safari hii, alipoliweka gunia mlangoni, Lubaba alilifungua mbele yake. Akatia mkono ndani, akauzamisha hadi kwenye kiwiko, akautoa. Kiganjani mwake mlikuwa na shayiri. Akaitazama, kisha akamtazama Thumama. Thumama alitaraji aseme neno, na majibu yake alikuwa nayo tayari. Lubaba akairudisha ile shayiri taratibu, akafunga mdomo wa gunia.

"Mola akulipe kheri, baba Unaysa," akasema, akaingia ndani.

Mtu mwingine, jambo lile lingemtoa jasho. Lakini dhana ikishampata mtu humgeuzia kila kitu. Thumama alirudi akisema: asiyedai haki yake ni mtu mwenye la kuficha. Laiti angekuwa safi, angenigombeza pale pale mlangoni. Mwezi wa tatu akapeleka gunia la namna ileile, na siku ya pili yake akaenda kwa kadhi kushitaki.

Kadhi alikuwa mzee wa makamo, mpole wa sauti, asiyependa kukata neno kwa haraka. Aliwaita wote kwa siku moja: Thumama, Lubaba, muuza nafaka, na akasema mtoto naye aletwe, kwa kuwa shauri ni lake. Watu walijaa barazani kama ilivyo ada. Unaysa alikaa mkekani, ubavuni mwa mama yake, ameinamisha uso.

Thumama akaeleza. Alisema kwa adabu wala hakuongeza neno. Muuza nafaka akathibitisha lile gunia na ule mshono. Kadhi akamgeukia Lubaba.

"Binti Harith, umeuza ngano ya mtoto?"

"Nimeiuza, bwana kadhi."

Watu wakanong'ona. Thumama alishusha pumzi ndefu. Alijiona mtu aliyetua mzigo.

"Kila mwezi?"

"Kila mwezi, nusu."

"Kwa haja gani?"

 Kadhi akarudia mara ya pili na ya tatu, na Lubaba vidole vyake vinasokota tu ncha ya ushungi kana kwamba ameshika sufu. Hapo kadhi akasema, "Mama, mimi sina elimu ya yaliyo vifuani. Chakula cha mtoto kimeuzwa, na aliyekiuza hataki kueleza. Usiponieleza, sina budi kumkabidhi mtoto kwa baba yake."

Lubaba akainua kichwa. "Na akikabidhiwa baba yake, atapelekwa kila Jumatatu?"

"Kupelekwa wapi?"

 Lubaba alimgusa mtoto bega. Kadhi, akiona huenda mtoto atasema alichokataa mama, akanyoosha mkono na kuita kwa upole, "Njoo hapa, mwanangu, usiogope."

Unaysa akainuka. Akaifuata ile sauti kwa hatua fupi fupi, mikono mbele. Kati yake na kadhi alikuwa amekaa karani, na mbele ya karani palikuwa na kidau cha wino, kikubwa, cha shaba, peupe mchana ule. Mtoto akakikumba kwa mguu kikapinduka, wino ukatapakaa mkekani na kwenye karatasi. Akasimama pale pale katikati ya wino, akigeuza kichwa huku na huku.

"Mama, nimevunja nini?" akauliza.

 Thumama akakumbuka alivyompapasa yule ngamia kwa vidole.

Lubaba alikwenda akamkumbatia mtoto, kisha akasema, na sauti yake haikupanda. "Macho yake yalianza kuingia ukungu tangu mwaka jana. Yupo mzee mmoja kutoka Ahwaz, tabibu wa macho, ameniambia yakitiwa dawa kila juma huenda yakasalimika, na yakiachwa yatazimika. Dawa zake ni ghali. Sufu yangu inalipa nyumba na mwalimu, zaidi ya hapo sina. Nikauza ngano."

"Kwa nini hukumwambia baba yake?" akauliza kadhi. "Ni haki yake kujua."

"Hilo ni kosa langu, na nakiri mbele ya Mola wangu. Siku tuliyotoka hapa aliniambia, 'Siku nitakayoona umeshindwa, nitamchukua.' Nikamdhania kwamba akijua atasema nimeshindwa. Niliogopa, nikaficha."

Thumama akajaribu kuyakumbuka maneno yale, yakamjia taratibu, na sauti yake mwenyewe ndani yake.

Kadhi akahesabu kwa vidole. Alikuwa mtu wa hesabu nzuri, akasema, "Limebaki jambo moja linanitatiza. Pishi kumi zilitosha watu wawili. Ukiuza tano, mlikula nini? Au baba alikuwa akizidisha?" Akamwelekea Lubaba. "Je, Thumama alileta kama tulivyopatana?"

 Thumama alijua linalokuja.

Lubaba akasema, "Kila mwezi alileta gunia hadi mlangoni, hakukosa hata mwezi mmoja. Na mwanangu hakulala na njaa."

"Basi Thumama ametimiza lake," akasema kadhi, "na hana lawama. Karani, andika."

Karani akatafuta karatasi ambayo haikuchafuka kwa wino. Nao ulikuwa ni muda mdogo tu, lakini kwa Thumama ulikuwa mrefu. Ibilisi akamjia na maneno matamu: Umekwisha kusafishwa. Mwenyewe hakukusema. Nenda nyumbani, toka leo uwapelekee kumi na mbili, hata ishirini, na Mungu ni Mwenye kusamehe. Kuna faida gani watu wa safu yako kujua habari ya shayiri? Akatazama nyuso za watu. Wengi wao walikuwa wateja wake. Walikuwa wakimpa ngozi zao bila ya kuzipima, kwa kumwamini.

Kisha akamtazama mwanawe, miguu myeusi kwa wino hadi vifundoni.

"Usiandike," akasema Thumama.

Kadhi akamtazama.

"Bwana kadhi, mimi sikutimiza. Miezi mitatu hii nimejaza gunia shayiri chini na ngano juu, lipate kuonekana limejaa. Shayiri ya wanyama. Nilifanya hivyo kwa kumjaribu mama huyu, nami nikijua. Na yeye alijua, aliigusa kwa mkono wake. Nilimvizia Jumatatu tatu, nikamdhania machafu ambayo siwezi kuyataja hapa. Nilisimama mlangoni pa tabibu, mwanangu akitiwa dawa ndani, nami nje nikimlaani anayempeleka. Sikumuuliza hata siku moja."

Palikuwa na waliostaghfiru, na wengine wakatazama chini. Mtu mmoja aliyekuwa amempa tandiko la kushona alionekana akinong'ona na mwenzake, na Thumama alimwona.

Kadhi akahukumu. Thumama alipe zile pishi za ngano alizopunguza. Dawa ya macho iwe juu yake tangu siku ile, kwa sababu, alisema, matunzo ya mtoto ni kile anachohitaji mtoto, si kile ambacho baba amezoea kupima. Lubaba abaki na mtoto, na asimfiche tena baba yake maradhi wala uzima. Wote wawili wakaridhia.

Walipotoka nje, Thumama alimsubiri Lubaba kwenye ngazi. Unaysa alikuwa amepelekwa kisimani kuoshwa miguu na mke wa karani.

"Mama Unaysa," akasema, "ungesema neno moja tu ningeaibika mbele ya mji mzima, na mtoto ungebaki naye bila ya shaka. Kwa nini hukunisema?"

Lubaba alikuwa akiukaza ushungi wake. "Unaysa alikuwa amekaa pale," akajibu. "Macho yake yamepungua, baba Unaysa. Masikio yake mazima."

Thumama alikaa kitako kwenye ile ngazi, akalia, na waliopita walimwona.

Wasimulizi wanasema tangu wakati ule Jumatatu ilikuwa zamu ya Thumama. Alifunga kibanda chake cha kushonea, akampeleka mtoto kwa tabibu, akajifunza hata kumtia matone kwa mkono wake wa kushonea ngozi. Wateja wachache walimwacha, na hakuwalaumu. Ilimchukua miaka kuwarudisha. Baada ya mwaka na nusu jicho la kulia likasafika. La kushoto lilibaki na ukungu wake, na Unaysa akaishi nalo hivyo.

Hawakurudiana. Lubaba aliposwa na mtu mwingine, mwema, akaolewa. Na sheria ilikuwa ikimpa Thumama nafasi ya kudai mtoto, kwa kuwa mama ameingia nyumba ya mume asiye jamaa wa binti. Watu wakamngojea aende kwa kadhi. Hakwenda. Alikwenda kubisha mlango wa Lubaba, akasema, "Nimekuja kukuuliza. Unaonaje, mtoto akae wapi?" Wakazungumza hata alasiri, wakakubaliana abaki kwa mama yake, na Thumama akaendelea kupeleka gunia kwenye mlango ule mpya. Mume wa Lubaba ndiye aliyekuwa akimsaidia kulitua.

Basi enyi waumini, tazameni jinsi waja hawa walivyokuwa. Wote wawili walikuwa watu wa sala, na wote wawili dhana iliwapitia: huyu kwa kumwogopa mwenziwe, yule kwa kumpekua. Katikati yao mtoto alikuwa akipoteza nuru ya macho. Kilichowaokoa ni mmoja kukubali kuonekana mkosa kuliko mtoto amsikie baba yake akifedheheshwa, na mwingine kukataa sifa isiyokuwa yake. Wangapi miongoni mwetu wameachana, na wanapeleka matunzo kwa mkono mmoja huku kwa mkono wa pili wakitafuta ushahidi? Mola wetu, tusafishie vifua vyetu kwa wale tuliozaa nao, wawe bado ni wake na waume zetu au wamekwisha kuwa wa wengine, na utujaalie ujasiri wa kuuliza kabla ya kuhukumu. Amin.